Kumcheka Mtu na Kucheka Naye: Maneno juu ya Utani, Kabila na Dini

Pana usemi uliozoeleka katika vitabu vya habari za makabila, ya kwamba atakaye kuwajua watu na asikilize wachekayo. Mwandishi akiisha kueleza nyumba zao, vyakula vyao, arusi na matanga yao, hutia mwishoni sura fupi ya mizaha, kisha akahukumu: watu hawa huwacheka wachoyo, basi wao ni wakarimu, watu wale huwacheka jirani zao kuwa ni washamba, basi wao wana kiburi. Usemi huu una sura ya kweli, na walimu wengi wameupokea bila kuupima. Katika kurasa hizi nataka kuupima. Nadhani umekosea mahali pamoja, na kosa lenyewe si dogo, kwa maana lagusa kazi ya kila mtu asimamaye mbele ya watoto wa makabila mengi darasani, au mbele ya wafiwa makaburini.

Na tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha yetu imekwisha kutufanyia nusu ya kazi. Tunalo neno mzaha, tunalo masihara, tunalo dhihaka, na yote matatu yametoka katika Kiarabu. Neno dhihaka lastahili kutazamwa zaidi. Katika Kiarabu shina lake ni kucheka tu, kicheko kisicho na ubaya. Lilipofika pwani yetu likapata ukali, hata leo mtu akisema amedhihakiwa twajua kwamba ameumizwa. Watu wa pwani hawakukosa neno la kucheka, walikuwa nalo tangu hapo. Walilohitaji ni neno la kicheko kiumizacho, wakalitwaa la wageni wakalipa kazi hiyo.

Lakini zaidi ya maneno ya kuazima, sarufi yenyewe yatenga mambo mawili ambayo mwandishi wa sura ile fupi ameyachanganya. Twasema kumcheka mtu, na twasema kucheka na mtu. Katika kumcheka, yule mtu ametendwa, kama vile kumpiga au kumfunga. Katika kucheka naye, amekuwa mwenzi wa tendo. Kisha liko kutania, ambalo halitulii mpaka lipate kiambishi chake cha kutendana: kutaniana. Ukimwuliza mzee yeyote wa bara, Fulani ni nani kwako, naye akakujibu, Sisi twataniana, amekupa habari ya undugu, hakukupa habari ya mzaha. Kudhihakiana husikika mara chache, kwa kuwa dhihaka haingojei jibu. Tofauti hii ndogo ya sarufi ndiyo nitakayoifuata mpaka mwisho.

Sasa na tuupime ule usemi kwa hadithi moja ambayo kila mwalimu anaijua. Maskini mmoja alikuwa na chakula kikavu, akaketi karibu na nyumba ya tajiri palipokuwa pakipikwa nyama, akala chakula chake kwa harufu ile. Tajiri akapata habari, akamshitaki kwamba amekula harufu ya chakula chake bila kulipa. Maskini akaamriwa kulipa. Ndipo Abunuwasi akaingia katika shauri lile, akatwaa fedha, akazitupa chini mbele ya tajiri zikalia, akamwambia achukue ule mlio, kwa kuwa anayeuza harufu hulipwa kwa sauti.

Wako walioiweka hadithi hii kuwa ni mfano wa akili ya Mswahili, au ya Mwislamu wa pwani. Lakini Rabelais wa Ufaransa aliiandika katika Kitabu chake cha Tatu, kilichopigwa chapa mwaka 1546. Huko aliyekula harufu ni mchukuzi wa mizigo katika mji wa Paris, mshitaki ni mwenye jiko la nyama za kuokwa, na mwamuzi ni mtu mpumbavu ajulikanaye mji mzima kwa upumbavu wake. Wajapani nao humsimulia hivyo hakimu wao mashuhuri, Ooka Tadasuke, aliyeishi mwaka 1677 hata 1752, na kwao aliyeshitakiwa ni mwanafunzi maskini aliyepanga karibu na mwuza chakula. Waturuki humpa hukumu hiyo Nasreddin Hoca. Basi ikiwa mzaha mmoja ni akili ya Mswahili, na ya Mfaransa, na ya Mjapani, na ya Mturuki, tumesema nini? Hatukusema neno. Mfupa wa hadithi hauna kabila. Hupita bandari moja hata nyingine pamoja na tende na nguo.

Pengine msomaji ataniambia kwamba sasa nimekwenda mbali, na kwamba lazima pawe na kitu ambacho kila taifa limekitia. Naam, kipo. Ukizilinganisha hadithi hizi utaona kwamba kinachobadilika ni viti, yaani nani amekaa mahali pa kuhukumu, na nani amekaa mahali pa kuchekwa. Mfaransa amemweka mpumbavu katika kiti cha hukumu, akawacheka wanasheria wa mji wake bila kuwataja. Mjapani ameliacha shauri kwa hakimu wa serikali, kwa hiyo kicheko chamsifu mtawala. Mtu wa pwani amemwacha Sultani katika enzi yake na kadhi katika kiti chake, bali amemleta raia asiye na cheo aje kuinyosha hukumu mbele yao. Hapo ndipo tuonapo alama ya watu. Mzaha hautwambii tabia yao ni ipi. Watwambia wamezoea kusimama wapi mbele ya wenye nguvu, na ni nani kati yao anaruhusiwa kusema.

Na tumtazame Abunuwasi mwenyewe. Abu Nuwas wa kweli alizaliwa katika nchi ya Ahvaz katikati ya karne ya 8, mama yake akiwa Mwajemi. Alikuwa mshairi mkubwa wa lugha ya Kiarabu, akajulikana katika Baghdad siku za Harun al-Rashid, aliyetawala mwaka 786 hata 809, na siku za mwanawe al-Amin. Sifa yake kubwa ilikuwa mashairi ya mvinyo. Alipovuka bahari kuja kwetu mashairi yale hayakuja naye, wala mvinyo haukuja. Kilichokuja ni ulimi wake na ujirani wake na mfalme. Watu wa pwani walimvua mambo ambayo dini yao iliyakataa, wakambakiza mtu ambaye dini yao ilimhitaji: mtu wa kusema kwamba sheria ni njema, lakini mwenye kuishika anaweza kuwa mjinga au mla rushwa.

Jambo hili ni la kuangaliwa sana na sisi tuliofundisha hadithi hizi katika shule za Kikristo. Wale waliozisimulia kwanza walikuwa Waislamu wakimcheka kadhi wao. Kesho yake alfajiri walikwenda kuswali katika msikiti ule ule, naye kadhi yupo safu ya mbele. Na wakifiwa, ndiye waliyemwita. Kicheko chao kilikuwa ni kicheko cha ndani ya nyumba. Mwalimu Mkristo akiisimulia hadithi ile ile kwa watoto Wakristo, akaigiza kilemba na ndevu, na watoto wakacheka wakisema, Ndivyo walivyo wale, hakubadili hata neno moja katika hadithi, lakini kicheko kimetoka nje ya nyumba. Kilikuwa ni kucheka na mtu, kimegeuka kuwa kumcheka mtu. Hayo hutokea upande wa pili vilevile, kasisi anapoigizwa kwa matamshi yake ya kigeni mbele ya watu ambao hawatamhitaji kamwe.

Sigmund Freud, mganga wa Vienna, aliliona jambo hili kati ya watu wake mwenyewe, Wayahudi. Katika kitabu chake juu ya mzaha, kilichotoka mwaka 1905, aliandika kwamba mizaha ambayo Wayahudi wameitunga juu yao wenyewe yatofautiana sana na ile ambayo wageni wameitunga juu yao. Wageni humtazama Myahudi kwa nje na kumfanya kichekesho tu. Wenyewe huyajua makosa yao ya kweli, na hujua jinsi makosa hayo yalivyofungamana na wema wao. Watu wengi hawayakubali mengine aliyoyafundisha Freud, lakini katika neno hili nadhani hakukosea. Mzaha wa Myahudi mmoja, ukitoka kinywani mwa Myahudi au kinywani mwa adui yake, ni mizaha miwili.

Lakini hapa msomaji wa bara atanipinga, naye ana haki. Atasema: Ikiwa kicheko chema ni kile cha ndani tu, basi itakuwaje kwetu, ambako Mhehe humtukana Mngoni mchana kweupe, na Mnyamwezi humnyang'anya Mzaramo kuku wake, nao wakaachana kwa furaha? Hao si wa nyumba moja. Naam, na hiyo ndiyo sababu utani wa nchi yetu wastahili kusomwa na watu wa mataifa yote, kwa kuwa wazee wetu walipata njia ya kumwingiza jirani ndani ya nyumba bila kumwondoa katika kabila lake.

Wataalamu wa Ulaya walichelewa kidogo kuliona jambo hili, lakini walipoliona walilisoma kwa bidii. A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 juu ya uhusiano ambao mtu mmoja kwa desturi huruhusiwa, na pengine hulazimishwa, kumfanyia mwenziwe mzaha, na yule mwenziwe hulazimika kutokasirika. R. E. Moreau, aliyekuwa mtaalamu wa ndege katika kituo cha Amani, Usambara, alikusanya habari za utani wa makabila mengi ya Tanganyika, akazitoa mwaka 1941 na tena mwaka 1944. Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Marcel Griaule aliliandika mwaka 1948 kwa habari za Wadogon na Wabozo wa nchi ya Mali, na mwaka 2014 utani wa nchi ya Niger ulitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa mataifa.

Radcliffe-Brown aliona pia kwamba mahali pengine mzaha huwa wa upande mmoja, huyu akitania na yule akivumilia. Jambo hilo laonekana kuvunja hoja yangu ya kutendana. Lakini hata hapo yule avumiliaye anajua kwamba amelindwa: anaweza kuchekwa, hawezi kutupwa. Kwetu utani wa babu na mjukuu ni mfano mzuri. Babu humwita mjukuu wake mke wangu, naye bibi humwita mjukuu mume wangu, na mtoto hucheka kabla hajajua sababu ya kucheka. Huo ndio utani wa kwanza ambao mtoto huufahamu, naye anaupata mahali ambapo hakuna shaka ya kupendwa.

Sasa utani wa makabila ulitoka wapi? Wazee hutaja mambo mawili: vita na safari. Wangoni, baada ya kuvuka Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, walipigana na wengi waliowakuta. Kati ya mwaka 1878 na 1882 walipigana na Wahehe vita vikali ambavyo hakuna aliyepata ushindi kamili. Watu wa namna hiyo hawana ila njia mbili baadaye, ama kuendelea kuuana, ama kuwa watani. Wahehe na Wangoni wakawa watani. Matusi yaliyokuwa ya vita yakabaki yale yale, lakini mkuki ukawekwa chini. Mhehe amwambiapo Mngoni leo kwamba babu zake walikimbia, ameitaja damu ya kweli iliyomwagika, na kwa kuitaja kwa kicheko ametoa ushahidi kwamba haidaiwi tena.

Safari ndiyo chanzo cha pili. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hata Bagamoyo, mwendo wa miezi, wakapita nchi za watu hata wakafika kwa Wazaramo karibu na pwani. Fikiri hali ya mpagazi aliyeugua huko, mbali na kaka na shangazi. Nani atampa maji? Akifa, nani atamzika? Utani ulijibu maswali hayo. Mtani ana haki ya kuingia nyumbani kwako na kula bila kualikwa. Nawe ukifika kwake una haki hiyo hiyo. Ana haki ya kukuita mchawi, mlafi, mtumwa. Na siku ukifa ana wajibu wa kushika jembe. Mambo haya mawili hayakutengana kamwe. Haki ya kutukana ililipiwa kwa wajibu wa kuzika.

Hapo ndipo tufikapo makaburini, mahali ambapo wachungaji wengi na watani wamekosana. Kila mtu aliyetumika bara ameona jinsi watani wanavyofanya msibani. Huigiza mwendo na sauti ya marehemu. Husema kwamba afadhali amekufa, maana alikuwa akiwanyima pombe. Mmoja hujilaza kaburini akakataa kutoka, au huzuia jeneza njiani mpaka apewe fedha. Na mchungaji, amesimama na kitabu chake, huona kwamba ibada imechafuliwa na wafiwa wamedharauliwa.

Nimepata kuhudhuria maziko ya mzee mmoja ambapo watani waliamriwa waondoke, nao wakaondoka kwa adabu. Ibada ikaenda kwa utulivu mkubwa. Lakini jioni wale wana wa marehemu walinung'unika, wakasema kwamba mzee wao amezikwa kama mgeni, kana kwamba katika maisha yake yote hakuwa na kabila la pili lililomjua. Mchungaji alifikiri amewaondolea aibu, kumbe ameiongeza. Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza, kabla ya kuukataza mzaha, mwenye kufanya mzaha amefanya nini tena siku hiyo. Mara nyingi nimeona kwamba aliyelala kaburini ndiye aliyelichimba.

Sisemi kwamba kila lifanywalo kwa jina la utani ni jema. Wako watani waliofanya msiba kuwa biashara, wakamdai mjane fedha asizo nazo. Na yako matusi ambayo hata wazee wa zamani wasingaliyaruhusu mbele ya watoto. Mithali yasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mchungaji ana haki ya kupanga mahali na wakati, na watani wenye akili humsikia akizungumza nao mapema. Lakini kupanga si kufuta. Ukiufuta mzaha ukataka kubakiza jembe, utakuta siku moja kwamba jembe nalo halikuja.

Nimesema kwamba jambo hili lagusa darasa pia. Mwalimu mmoja kijana alihamishwa akapelekwa shule ya mbali na kwao. Alikuwa amekua kati ya watani wa kabila fulani, akazoea kuwaita walafi, nao wakimwita mwizi wa mbuzi, wote wakicheka. Alipokuta darasani watoto wa kabila jingine, ambalo hawakuwa na utani na kwao, aliwaambia maneno yale yale ya ulafi wakati wa chakula, akitumai kuwafurahisha. Watoto hawakucheka. Mmoja aliacha chakula chake, na siku zilizofuata hakula shuleni tena. Mwalimu alishangaa sana, akasema hakuwaambia neno ambalo hajawaambia watu wazima mara mia. Neno lilikuwa ni lile lile. Lakini watoto wale hawakuwa na neno la kumrudishia, kwa kuwa yeye ni mwalimu nao ni wanafunzi. Wala wazee wao na wazee wake hawakuwahi kuwekeana ahadi yoyote. Alidhani ameleta utani. Alileta nusu yake tu, ile iliyo nyepesi kuibeba.

Nusu hiyo nyepesi ndiyo iliyojaa sasa katika miji yetu. Husemwa kwamba Mchaga apenda fedha, kwamba Mhaya ajivuna, kwamba Msukuma ni mshamba wa mji. Maneno haya husemwa na mtu yeyote juu ya mtu yeyote, bila kuuliza kama kuna utani kati yao. Sikusudii kuwatisha wasomaji, kwa maana mengi ya hayo hupita kwa amani, na watu wa Tanzania wamejaliwa kupatana. Hata mchezo wa mpira umelitwaa neno hili kwa heshima: Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi, na kwa kuitwa hivyo wamekumbushwa kwamba ushindani wao una mpaka. Lakini lazima tujue ni nini kilichoulinda mzaha wetu hata leo, ili kisitutoke bila sisi kujua.

Maana jirani zetu wameona mwisho wa kicheko kisicho na mpaka. Katika nchi ya Rwanda ulikuwako utani uitwao ubuse, ambao ulikuwa kati ya koo na koo. Na kila ukoo ulikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake, hata mtu aliweza kutaniana na kufanyiana kazi za desturi na watu wa namna zote tatu. Mwezi wa Julai mwaka 1993 ilianza kutangaza redio iitwayo RTLM. Watu wengi waliipenda kwa muziki wake na kwa watangazaji wake wenye mizaha, waliosema kama watu wa barazani. Mizaha ile ilikuwa juu ya Watutsi, walioitwa mende. Kuanzia Aprili hata Julai mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu wakauawa, na redio ile iliendelea kutangaza. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya mataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Na ijapokuwa rufani ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, hatia haikuondoka.

Mtu aweza kuuliza, Je, kuna tofauti gani kati ya mende wa redio ile na mlafi wa mtani? Yote ni matusi ya kabila, na yote yalichekesha. Jibu ni kwamba aliyeitwa mende hakuwa na njia ya kujibu, wala aliyemwita hivyo hakuwa na nia ya kumzika. Ule ubuse wa zamani ulikuwa na jirani ndani yake. Mzaha wa redio ulikuwa na msikilizaji tu. Hapa kosa la ule usemi wa mwanzo laonekana wazi. Mtu angeandika sura fupi juu ya mizaha ya Rwanda akasema, Hawa huwacheka wale, basi tabia yao ni hii, asingaliona kitu. Ilimpasa kuuliza kicheko kile kimefungwa na wajibu gani, na kama fundo lile limelegea.

Wachungaji wengine watanikumbusha kwamba hata nabii Eliya aliwadhihaki manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Ni kweli, na habari hiyo imo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Lakini tuisome mpaka mwisho. Manabii wale waliuawa siku ile ile katika kijito cha Kishoni. Ile ilikuwa vita, na dhihaka ilikuwa silaha ya vita. Asimamaye mimbarani leo na kuidhihaki dini ya jirani yake ajiulize kama yuko vitani. Na kama hayuko, basi mbona amechukua silaha? Katika Kitabu cha Mwanzo tuna mfano mwingine. Sara alicheka kwa siri kwa kutosadiki, na baadaye mtoto wake aliitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka, kwa kuwa kila asikiaye angecheka pamoja naye. Kicheko cha kwanza kilifichwa nyuma ya mlango wa hema. Cha pili kiliwaalika watu.

Kwa hiyo nahukumu hivi. Mizaha ya watu haitupi habari ya kuaminika juu ya tabia ya wale wanaochekwa. Tukiwasikia Wangoni wakisema Wahehe ni hivi, hatujajifunza neno juu ya Wahehe. Tumejifunza kwamba Wangoni wanawahesabu Wahehe kuwa ni watu wa kutukanwa bila kuogopa, yaani jirani. Mwandishi wa desturi atakayeandika mzaha wa kabila bila kuandika pembeni yake ni nani aliyeusema, kwa nani, na wana haki gani juu ya mazishi yao, amekusanya maganda akaacha mbegu. Na mwalimu atakaye kutumia mzaha wa kabila au wa dini darasani hana budi kujipima kwanza kama yu tayari kurudishiwa mbele ya watoto wake, na kama nyumbani kwa yule aliyemtaja angefika siku ya msiba, akaombwa jembe, akalishika. Ikiwa hawezi, na aisimulie ile hadithi ya harufu na fedha. Tajiri yule hana kabila, na watoto wote watacheka pamoja.